Flashi imejaa shotikati: mwongozo kamili wa kurudisha mafaili yako bila kufomati

Naandika hii kwa sababu naona watu wanakwama palepale kila siku. Mtu anachomeka flashi anakuta kila folda imegeuka shotikati ya KB 1, anachanganyikiwa, anamuuliza jirani, jirani anamwambia "we fomati tu". Anafomati. Ripoti ya fildi imeenda, picha za harusi zimeenda, halafu kesho anaichomeka tena kwenye kompyuta ileile na shotikati zinarudi kama hakuna kilichofanyika.

Wapo na wale waliosoma sehemu kwamba kuna komandi ya attrib (inayoondoa alama zinazoficha mafaili), wakaandika, mafaili yakatokea, wakafurahi, baada ya dakika moja yakapotea tena. Hao ndio wengi na ndio hasa nawaandikia.

Kuna mambo mawili ya kushika kabla hujagusa chochote. La kwanza, mafaili yako hayajafutwa, yamefichwa, yapo humohumo kwenye flashi. La pili, kirusi kimehamia kwenye kompyuta, flashi ni usafiri wake tu. Kwa hiyo unasafisha kompyuta kwanza, flashi inafuata, ukigeuza mpangilio huo utarudia kazi mpaka uchoke.

## Vitu vya kuandaa

- Flashi yako yenye matatizo
- Flashi nyingine tupu isiyo na kitu cha maana, hata ya GB 2, hii ni ya kufanyia jaribio
- Kompyuta yenye Windows 10 au 11, maelezo nimeyapanga kwa hizo ila mengi yanafanya kazi hata Windows 7
- Bando la intaneti la kutosha kuapdeti antivairasi, usianze na MB 20
- Nafasi ndani ya kompyuta ya kuweka kopi ya mafaili yote ya flashi
- Muda, maana skani kamili inaweza kuchukua masaa kwenye mashine ya zamani, na laptopu iwe kwenye chaji

Kama kompyuta ni ya ofisi muombe ruhusa anayehusika nayo, kuna hatua hapa zinagusa mipangilio.

## Hatua ya 1: Hakikisha mafaili bado yapo

Fungua This PC, weka klik ya kulia juu ya flashi, chagua Properties. Angalia Used space. Kama flashi ya GB 8 inaonyesha imetumika GB 5 wakati wewe unaona shotikati kumi za KB 1, hapo tulia, mali yako ipo. Usishangae pia kuona flashi ya GB 8 inasoma kama 7.4, hiyo ni namna Windows inavyohesabu.

Kama Used space ni karibu na sifuri, basi kuna mtu alishafuta au kufomati. Acha hapo hapo, usiandike kitu chochote kwenye hiyo flashi, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya chini niliyoandika kwa walioshafomati.

Sasa iambie Windows ikuonyeshe vilivyofichwa. Bonyeza Windows + R, andika:

control folders

Enter. Nenda kwenye tabu ya View, halafu fanya mambo matatu: chagua "Show hidden files, folders, and drives", ondoa tiki kwenye "Hide extensions for known file types", na ondoa tiki kwenye "Hide protected operating system files". Hii ya tatu itakuuliza kama una uhakika, kubali.

Hii tiki ya tatu ndio inayowaangusha watu. Wanawasha Hidden items peke yake, hawaoni kitu, wanakata tamaa. Sababu ni kwamba kirusi hakiweki alama moja, kinaweka mbili: kinaliita faili lako "la siri" na hapohapo kinaliita "la mfumo", na Windows mafaili ya mfumo inayaficha kivyake. Ndio maana hata ukienda Properties ya folda ile tiki ya Hidden unaikuta imepauka, haibonyezeki.

Ukifanikiwa utaona: folda zako halisi zimetokea zikiwa na rangi iliyofifia, kando yake zile shotikati. Wakati mwingine utakuta shotikati moja tu yenye jina la flashi na folda moja isiyo na jina kabisa, ukiifungua hiyo vitu vyako vyote vimo. Hiyo ni aina nyingine ya kirusi hichohicho, usiogope.

Angalizo: usifungue shotikati yoyote. Ukiibonyeza mara mbili folda inafunguka kawaida kabisa, ndio ujanja wake, ila kabla haijafunguka imeshawasha kirusi. Na usizikopi ukidhani unakopi kazi yako. Nimeona mwanafunzi amekopi "mafaili yote" kwenye desktop, akafomati flashi kwa amani, kuja kufungua ni shotikati tupu zinazoelekeza kwenye vitu ambavyo havipo tena. Faili la Word la kurasa 60 haliwezi kuwa KB 1. Angalia saizi, na angalia safu ya Type, kama imeandikwa Shortcut hiyo sio kazi yako.

Ukiona folda inaitwa System Volume Information iache, ni ya Windows yenyewe, huwa inawekwa kwenye karibu kila flashi. Hiyo sio kirusi.

## Hatua ya 2: Isome shotikati bila kuifungua

Bonyeza shotikati moja mara moja tu ichaguliwe, halafu bonyeza Alt + Enter. Inafunguka Properties bila hatari ya kuibonyeza mara mbili kwa bahati mbaya. Angalia kwenye Target.

Shotikati safi ingeelekeza kwenye folda yako. Hii utakuta inaelekeza cmd.exe, wscript.exe, rundll32.exe au msiexec.exe, na mbele yake mara nyingi kuna jina la faili linaloishia na .vbs, .js, .exe au .dll. Maandishi ni marefu, tumia mshale wa kulia kwenye kibodi kusogea mpaka mwisho.

Liandike hilo jina kwenye karatasi kama lilivyo. Ndio jina la kirusi chako, na mara nyingi faili lenye jina hilohilo ndilo limejificha kwenye kompyuta.

Kuna na kile ambacho hakitumii shotikati, kinajifanya folda. Ina ikoni ya folda, jina la folda yako, ila sasa kwa kuwa umeondoa ile tiki ya extensions utaona inaishia na .exe na Type ni Application. Folda haiishii na .exe hata siku moja.

Ukishamaliza chomoa flashi, weka pembeni.

## Hatua ya 3: Kizime kirusi kwenye kompyuta

Bonyeza Ctrl + Shift + Esc kufungua Task Manager. Nenda Details. Weka klik ya kulia kwenye vichwa vya safu pale juu, chagua Select columns, weka tiki kwenye Command line. Hii watu hawaifanyi na ni muhimu sana, kwa sababu wscript.exe yenyewe ni programu halali ya Windows, kosa ni kile inachokiendesha, na Command line ndio inakuambia inaendesha faili gani na liko folda gani.

Ukiona wscript.exe inaendesha lile jina uliloandika kwenye karatasi, ichague, bonyeza End task. Zikiwa mbili au tatu zizime zote.

Sasa lifuate faili lenyewe. Windows + R, halafu andika moja moja hizi na uangalie ndani:

%appdata%

%temp%

shell:startup

Ile shell:startup ndio vitu vinavyowaka ukiwasha kompyuta, kwa watu wengi inakuwa tupu au ina kitu kimoja viwili unavyovijua, kwa hiyo faili la .vbs humo ndani limejianika lenyewe. Ukilikuta lile lenye jina la kwenye karatasi lifute kwa Shift + Delete.

Rudi Task Manager, fungua Startup apps. Kitu chenye jina lilelile kiweke Disable.

Angalizo: usifute wscript.exe wala cmd.exe, na usianze kufuta kila usichokijua ndani ya AppData, humo kuna mipangilio ya programu zako zote. Futa kile ulichothibitisha jina lake tu. Kama hujaona kitu usijilazimishe, nenda hatua inayofuata.

Ukifanikiwa utaona: umeristati kompyuta, umefungua Task Manager tena, na ile wscript.exe haijarudi.

## Hatua ya 4: Skani, ila kwa utaratibu huu

Fungua Windows Security, nenda Virus & threat protection. Kabla ya kuskani tafuta Protection updates, bonyeza Check for updates. Antivairasi ambayo haijaapdetiwa miezi nane ni kama mlinzi ambaye hajapewa picha za wezi, hapo ndio bando lako linafanya kazi.

Kisha Scan options, chagua Full scan. Quick scan inapita sehemu chache, kwa tatizo hili haitoshi. Iache ifanye kazi, usiizime katikati kwa sababu imekaa sana kwenye asilimia moja.

Ikimaliza rudi Scan options uchague Microsoft Defender Offline scan. Hifadhi kazi zako kwanza kwa sababu kompyuta itajizima na kuwaka yenyewe, itaskani kabla Windows haijaamka kisawasawa, inachukua kama dakika 15. Faida yake ni kwamba kirusi kinakuwa hakijapata nafasi ya kuwaka na kujitetea.

Kama Windows Security imegoma kufunguka au imezimwa na huwezi kuiwasha, pakua Microsoft Safety Scanner kwenye tovuti ya Microsoft, ni ya bure, inazidi MB 100, na inafanya kazi siku 10 tu toka uipakue, baada ya hapo unapakua upya. Ile ya mwaka jana uliyokopi kwa rafiki haitakusaidia.

Tafadhali msipakue antivairasi "zilizokrakiwa". Nimesafisha mashine nyingi ambazo mlango wa kirusi ulikuwa ni krak ya antivairasi yenyewe. Defender inayokuja na Windows ikiapdetiwa inatosha kwa hii kazi.

## Hatua ya 5: Jaribu na flashi tupu kwanza

Hii hatua sioni watu wakiifanya na ndio inayookoa muda kuliko zote.

Chukua ile flashi tupu, ichomeke, weka folda moja na faili moja lolote. Ichomoe kwa Eject. Ichomeke tena, subiri dakika mbili tatu, angalia.

Ukifanikiwa utaona: folda iko vilevile, hakuna shotikati, hakuna faili jipya.

Shotikati ikitokea maana yake kompyuta bado ni mgonjwa na ungechomeka flashi ya kazi ingeliwa tena. Rudi hatua ya 3, safari hii angalia na Task Scheduler: Windows + R, andika taskschd.msc, fungua Task Scheduler Library, tafuta kazi ambayo kwenye Actions inaendesha wscript au lile jina lako, ifute hiyo tu. Halafu Offline scan tena. Usivuke hapa mpaka flashi tupu ibaki safi.

## Hatua ya 6: Fichua mafaili yako

Chomeka flashi yenye kazi. Usifungue kitu ndani. Iweke klik ya kulia, chagua Scan with Microsoft Defender, kwenye Windows 11 huenda ukaanza na Show more options. Usidhani ile Full scan ingetosha, flashi iskani kivyake hivi.

Angalia herufi ya flashi kwenye This PC. Mimi hapa natumia E, wewe weka ya kwako. Ukikosea herufi ukaweka C utakuwa unabadilisha alama za mafaili ya Windows yenyewe, kwa hiyo angalia mara mbili.

Windows + R, andika cmd, Enter. Andika:

E:

Enter. Mstari ubadilike uwe E:\> ndio uendelee. Kisha:

attrib -h -r -s /s /d *.*

Nafasi zizingatiwe, kati ya attrib na -h kuna nafasi, na kati ya kila kipande. Ukiandika attrib-h kwa kuunganisha itakuambia haiijui hiyo komandi.

Maana yake: -h inaondoa alama ya kufichwa, -r ya kusoma tu, -s ya mfumo, /s inaingia kwenye folda zote za ndani, /d inahusisha na folda zenyewe. Ziandike zote mbili, -h na -s, kwenye mstari huohuo. Ukiweka -h peke yake utapata jibu la "Not resetting system file" na hakuna kitakachobadilika, kwa sababu ile alama ya mfumo inailinda ya kufichwa.

Ukibonyeza Enter kuna uwezekano usione kitu chochote, mshale unawaka na kuzima tu. Inafanya kazi. Flashi yenye picha elfu kadhaa inaweza kuchukua dakika kadhaa, na watu wengi wanafunga dirisha hapa wakidhani imeganda. Subiri mpaka E:\> irudi. Ukiona "Access denied" kwenye System Volume Information ipuuze.

Sasa futa shotikati:

del *.lnk

Hii inafuta zile za juu kwenye flashi. Halafu lile faili la kirusi lenye jina la kwenye karatasi, kama Defender haijalichukua, lifute kwa Shift + Delete.

Ukifanikiwa utaona: folda zako zina rangi kamili, hazijafifia, na zinafunguka. Ile folda isiyo na jina ibonyeze mara moja, bonyeza F2, ipe jina, uingie.

## Hatua ya 7: Hamisha, hakiki, ndio ufomati

Kopi kazi zako kwenye kompyuta, na namaanisha kazi zako: nyaraka, picha, video, muziki. Faili la .vbs, .js, .lnk au .exe usilolijua liache huko huko.

Fungua mafaili matano sita kati ya uliyokopi, yawe ya aina tofauti, soma ndani. Yakifunguka vizuri ndio sasa unaweza kufomati flashi. Flashi utakayosikilizia kwenye redio ya gari au sabufa ichagulie fomati ya FAT32 maana vingi vya hivyo haviijui nyingine. Ila FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, kwa hiyo kwa muvi kubwa chagua exFAT.

Mwisho rudi control folders, rudishia ile tiki ya "Hide protected operating system files". Ya extensions mimi nashauri uiache bila tiki siku zote, ili uone folda bandia inayoishia na .exe kabla hujaibonyeza.

## Kama huna kompyuta safi karibu

Simu ya Android yenye waya wa OTG (ule unaounganisha flashi na simu) inasaidia sana. Ichomeke flashi kwenye simu, fungua programu ya mafaili, na mara nyingi utaziona folda zako halisi bila komandi yoyote, kwa sababu Android haijali zile alama za Windows. Kopi kwenye simu unachokihitaji. Kirusi hiki cha Windows hakiwaki kwenye Android. Flashi iliyofomatiwa kwa NTFS (aina ya fomati ya Windows) ndio simu nyingi zinaikataa.

Kwa mtu anayetakiwa kuprinti CV ndani ya nusu saa, hii ndio njia ya kwanza ningempa.

## Kama ulishafomati

Usiweke kitu kingine humo. Fomati ya haraka haifuti data yenyewe, inafuta orodha ya kujua kipi kiko wapi, kinachoua ni ukishaandika vitu vipya juu yake. Tumia PhotoRec au Recuva, zote zina toleo la bure, na mafaili yatakayopatikana yahifadhi kwenye kompyuta, sio kwenye flashi hiyohiyo. PhotoRec inarudisha bila majina ya asili kwa hiyo jiandae kufungua moja moja.

## Kwa wenye steshenari na kompyuta za watu wengi

Mashine moja chafu inaambukiza mtaa mzima, kwa hiyo naomba mlichukulie kwa uzito. Mteja anakuja na flashi ya chuo, anaondoka na kirusi, anakipeleka ofisini kwao.

Vingi vya hivi virusi vinategemea kuendesha .vbs na .js. Unaweza kuizuia hiyo njia kwenye akaunti unayotumia, fungua cmd uandike mstari mmoja:

reg add "HKCU\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Kuanzia hapo hata mtu akibonyeza shotikati ya kirusi cha aina hiyo, itatokea meseji kwamba Windows Script Host imezimwa. Kama kuna programu ya ofisi inayohitaji hizo skripti itagoma, ukikutana na hilo rudia mstari uleule ila weka 1 badala ya 0.

Na wewe mteja, ukienda kuprinti beba memori kadi ndani ya adapta yake kubwa ya SD badala ya flashi. Pembeni ina kitufe kidogo cha Lock, kisukume kabla hujamkabidhi mtu. Kompyuta itasoma na kuprinti, ila kwenye mashine za kawaida haitaweza kuandika kitu. Kabla ya kutoka nyumbani jaribu kukopi faili humo ikiwa kwenye Lock, ikikataa ujue kitufe kinafanya kazi.